Karantini haikuulizi kwenu wapi, inakuuliza ulipita wapi

Watu wengi wakikumbuka enzi za korona wanakumbuka barakoa, kafyu na yale mapipa ya maji nje ya kila duka, lakini sisi wenye ndugu ng'ambo kilichotunyima usingizi ni karantini, tena hata si ile kukaa ndani yenyewe, ni ile kutojua leo sheria ni ipi na kesho itakuwa ipi. Mpaka leo nakutana na watu wananiuliza, dada yako aliondoka haraka vile kwa nini, si angesubiri tu arobaini ya babake iishe ndio aende? Nikianza kueleza naona wameshapotea njiani, na siwalaumu, maana mambo yalikuwa yamefungamana kweli kweli. Kwa hivyo wacha niyaandike yote hapa polepole, fundo moja baada ya jingine.

Baba alifariki Mombasa mwanzoni mwa Machi 2021. Dada yangu anaishi Reading, Uingereza, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akaomba ruhusa kazini akaja. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya tarehe 18 Aprili, kwa sababu arobaini ilikuwa inaangukia tarehe 16. Sasa Ijumaa ya tarehe 2 Aprili, ile Ijumaa Kuu, tumekaa ukumbini tunakunywa chai ya alasiri, simu yake ikaanza kuingiza meseji moja baada ya nyingine. Uingereza imeitia Kenya kwenye orodha nyekundu pamoja na Pakistan, Bangladesh na Ufilipino, na sheria inaanza saa kumi alfajiri tarehe 9 Aprili. Akaweka kikombe chini akaanza kuhesabu na vidole.

Alichokuwa anahesabu ni hivi. Orodha nyekundu ilikuwa na maana kwamba mtu yeyote aliyekuwa ndani ya nchi hiyo katika siku 10 kabla ya kutua Uingereza, kama si raia wa Uingereza au wa Ireland wala hana haki ya kuishi kule, haingii kabisa. Na kama ana haki ya kuingia basi anapelekwa moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli iliyochaguliwa na serikali, anafungiwa siku 10, ambazo ukizihesabu vizuri ni usiku 11, na bili analipa yeye mwenyewe. Bili yenyewe wakati ule ilikuwa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Kwa pesa zetu za wakati huo ni zaidi ya laki mbili na nusu. Mtu mzima wa pili mkiwa chumba kimoja anaongeza pauni 650, mtoto wa miaka 5 hadi 12 pauni 325. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo wakapandisha, mtu mmoja ikawa pauni 2,285. Na hapo hujahesabu mshahara wa siku hizo ambao kwa mtu anayelipwa kwa saa umekwenda.

Watu huwa wanachanganya hapa, kwa hivyo nisimame kidogo. Karantini si kitu kimoja na kujitenga. Kujitenga ni mtu aliyepimwa akaonekana anao ugonjwa, anakaa mbali na wenzake mpaka apone. Karantini ni kwa mtu mzima wa afya, au tuseme anayeonekana mzima, ambaye huenda amekutana na ugonjwa na bado haujajionyesha. Ndio maana karantini inaumiza moyo, unafungiwa na huumwi, na ukilalamika kwamba huumwi unajibiwa kwamba ndio sababu hasa uko humu, kwa kuwa hakuna anayejua.

Na zile siku hazikuokotwa tu. Kirusi cha korona kikiingia mwilini kinachukua kama siku 5 kwa wastani kabla dalili hazijatokea, na karibu watu wote wanaopata dalili wanazipata kabla ya siku ya 12. Ndio siku 14 zikatoka hapo, ukiongeza na akiba kidogo. Nchi zilizoshuka hadi siku 10 zilifidia kwa kupima ukiwa ndani, Uingereza ilikuwa inapima siku ya 2 na siku ya 8. Lile swali la kila mtu, kwamba mimi nimepima juzi na cheti kinasema sina, kwa nini nifungiwe, jibu lake liko hapo hapo. Kipimo kinaona kirusi kikishakuwa kingi cha kutosha puani na kooni. Ukiambukizwa Jumatatu ukapimwa Jumanne cheti kitasema huna, na Ijumaa unawaambukiza wenzio kwenye basi. Kipimo ni picha ya siku moja. Mimi hili nililielewa kwa kuchelewa, na nikilielewa hasira ilipungua, ingawa haikuisha.

Haikuisha kwa sababu ya njia. Hapa ndipo hata watu waliosoma walikuwa wanaanguka, na hapa ndipo penye kiini cha haya yote ninayoandika. Sheria ile haikutazama pasipoti yako, wala haikutazama ulipoanzia safari peke yake, ilitazama kila ardhi uliyokanyaga katika siku zile 10, na kubadilisha ndege kulihesabiwa ni kukanyaga, hata kama ulikaa masaa mawili tu kwenye kiti cha uwanjani na hukutoka nje. Sasa fikiria mtu wa Afrika Mashariki anasafirije kwenda London. Tiketi za bei nafuu zinapita Dubai, Doha au Addis Ababa. Falme za Kiarabu ziliingia orodha nyekundu mwishoni mwa Januari 2021, pamoja na Rwanda na Burundi. Qatar, Oman, Ethiopia na Somalia zikaingia tarehe 19 Machi. Yaani hata kabla Kenya haijaguswa, Mkenya aliyekuwa na tiketi ya kupitia Addis alikuwa tayari yuko hatarini, ama ndege ya pili haipo kwa sababu safari za moja kwa moja kutoka nchi hizo zimepigwa marufuku, ama azungukie Frankfurt na akifika bado anahesabiwa amepita Ethiopia, hoteli inamsubiri. Na ile fomu ya abiria uliyojaza kabla ya kupanda ndege ilikuwa inauliza nchi zote ulizopita, na ukidanganya adhabu ilikuwa hadi miaka 10 jela. Kukwepa hoteli, faini hadi pauni 10,000.

Upande wa pili wa sheria hiyo hiyo ni kwamba ukikaa siku 10 kamili kwenye nchi isiyo nyekundu, ile nyekundu inafutika. Kuna watu walifanya hivyo, wanakodisha chumba nchi ya tatu, wanakaa siku 10 ndio wanaendelea. Ni halali kabisa, ila nayo ilikuwa kamari maana nchi uliyojificha inaweza ikageuka nyekundu wewe ukiwa humo. Uturuki, ambayo watu wengi waliitegemea, iligeuka tarehe 12 Mei.

Tarehe za kuanza nazo zilikuwa na mambo yake. Kenya tulipewa wiki moja. Tanzania haikupata hata siku nzima, tangazo lilitoka Alhamisi jioni tarehe 21 Januari 2021 na saa kumi alfajiri ya Ijumaa mlango umefungwa. Serikali zina hoja yao hapo, kwamba ukitoa muda mrefu watu wanakimbilia kuingia wote kwa pamoja na huo ugonjwa unaouogopa ndio wanaubeba kwa wingi, na ni kweli, sisi wenyewe tulikimbia. Lakini mtu aliye Tanga au Iringa hawezi kuwa Heathrow ndani ya masaa kumi, hata angekuwa na pesa kiasi gani.

Turudi kwa dada. Alipomaliza kuhesabu akasema, mimi lazima niwe nimetua kabla ya tarehe 9. Akaingia kwenye simu kutafuta siti, nauli inapanda mbele ya macho, ukirudi nyuma ukafungua tena imeongezeka. Akapata ya usiku wa tarehe 7 kutoka Nairobi, moja kwa moja. Sasa angalia fundo jingine. Uingereza ilitaka kipimo kiwe kimechukuliwa ndani ya siku 3 kabla ya kuondoka, kwa hivyo ukipima mapema cheti kimekufa, ukichelewa majibu hayajatoka. Siku 3 kabla ya tarehe 7 ni tarehe 4, Jumapili ya Pasaka. Jumatatu yake sikukuu. Tukazunguka Mombasa nzima tukitafuta maabara iliyo wazi, tukaipata moja Jumatatu mchana, foleni imetoka nje hadi barabarani, na karibu kila mtu mle kwenye foleni alikuwa na hadithi kama yetu. Mama mmoja mbele yetu ameshika pasipoti tatu za watoto zimefungwa na mpira wa noti.

Na kufika Nairobi nako kulikuwa na sheria yake, maana tarehe 26 Machi Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ameshafunga kaunti tano, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, hakuna kuingia wala kutoka. Treni ya SGR imesimama, ndege za ndani zimesimama. Kwa hivyo ndege ya London ipo, sheria ya Uingereza bado inaruhusu, ila wewe uko Mombasa na uwanja uko ndani ya eneo lililofungwa. Tulikodi gari, tukatoka alfajiri, dada amechapisha karatasi zote, tiketi, cheti cha kipimo, pasipoti, ameziweka kwenye faili ya plastiki ya kijani aliyokuwa anawekea baba karatasi za kliniki. Kwenye kizuizi cha mpaka wa Machakos askari alichukua faili, akasoma karatasi moja moja, akarudia cheti mara mbili, halafu akamrudishia akamwambia safari njema mama. Hatukuongea tena mpaka Athi River.

Aliaga nyumbani siku tisa kabla ya arobaini. Mama yetu hakulalamika, alimfungia mahamri kwenye kitambaa akasema ukifika ule, usilie kwenye ndege watakudhania mgonjwa.

Jirani yetu mmoja hakuwahi. Kitinda mimba wake alikuwa amelazwa, hakuweza kumwacha, akaondoka Mei, na kufika huko kulikuwa kumeshakuwa kugumu zaidi kwa sababu Kenya nayo ilijibu, ikaweka karantini kwa wanaotoka Uingereza na kusimamisha ndege za abiria baina ya nchi mbili, ikabidi azunguke Ulaya. Alilipa zile pauni 1,750, akakaa zile usiku 11. Alitutumia video ya chumba, dirisha halifunguki, linatazama maegesho ya magari. Chakula kinawekwa nje ya mlango, unasubiri hatua za mtu ziishe ndio ufungue. Kwenda nje kupata hewa ni mpaka uombe, na unasindikizwa na mlinzi, dakika chache. Alituambia kutoka mlangoni hadi dirishani ni hatua 9, na kila siku baada ya alfajiri alikuwa anazitembea mara 200.

Suala la tiketi nalo watu bado wanabishana nalo, nilifafanue. Kanuni za Uingereza na Ulaya zinasema shirika likifuta ndege lazima likurudishie pesa zako. Lakini kama ndege inaruka na wewe ndiye huwezi kupanda kwa sababu ya sheria ya karantini, hapo hawakufuta kitu, kiti chako kimekwenda kitupu. Wengi walipewa vocha tu, au nafasi ya kubadilisha tarehe na kulipia tofauti ya nauli, na tofauti yenyewe ndiyo hiyo nauli iliyopanda wiki ile. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia ushindani wa biashara ilianza kuyachunguza mashirika mawili makubwa Juni 2021 kwa jambo hilo hilo, kwamba watu walikatazwa kusafiri kisheria na bado wakanyimwa pesa zao, na Oktoba wakafunga faili wakisema sheria haiko wazi vya kutosha kushinda mahakamani. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema alikosea hakudai, si kweli kwamba kulikuwa na kitu cha uhakika cha kudai.

Na tusidhani hii ilikuwa ya Wazungu peke yao. Sisi wenyewe tulifanyiana. Machi 2020 Kenya iliamuru kila anayeingia akae karantini kwa gharama zake, watu wakatolewa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, kwa mabasi usiku hawajui wanapelekwa wapi, wengine hoteli za bei kali, wengine mabweni ya vyuo vya serikali kwa shilingi 2,000 kwa siku, na wapo walioongezewa siku kwa sababu mwenzao wa bweni moja amepatikana na ugonjwa. Kumtoza mtu kwa kitu alicholazimishwa, halafu umwongezee siku na bili iendelee, hilo mimi nalihesabu ni kosa, na Mei serikali yenyewe ilikubali kubeba gharama za vituo vyake. Wakati huo huo Namanga, mpakani mwa Kenya na Tanzania, madereva wa malori wanalala chini ya magari wakisubiri majibu ya vipimo, foleni haionekani mwisho. Halafu Agosti 2020 Kenya ikafungua anga na kutoa orodha ya nchi ambazo watu wake hawatakaa karantini, Tanzania haimo, na Tanzania ikajibu kwa kuizuia Kenya Airways, baadaye mashirika mengine matatu ya Kenya, mpaka Septemba ndio Tanzania ikaongezwa kwenye orodha na ndege zikarudi. Orodha za karantini zinaandikwa na madaktari lakini zinasomwa na mabalozi, na msafiri yuko katikati.

Wala si jambo geni pwani hii. Ukitoka Forodhani Unguja kwa mashua unafika kisiwa cha Changuu, wageni wanakiita kisiwa cha gereza na wanakwenda kutazama kobe wakubwa. Lile jengo kweli lilijengwa liwe gereza miaka ya 1890, lakini kazi iliyokuja kufanyika pale ni karantini, abiria wa meli wanashushwa pale wanaangaliwa wiki moja au mbili kabla ya kuruhusiwa kuingia mjini. Neno lenyewe karantini limetoka Venice, siku arobaini, na kabla yao mji wa Dubrovnik ulishaanza mwaka 1377 kuwaweka wageni siku 30 nje ya mji. Huwa nalifikiria sana hili, kwamba neno lililomfanya dada akose arobaini ya baba, ndani yake mna arobaini.

Kenya ilitoka orodha nyekundu tarehe 22 Septemba 2021, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zikatoka tarehe 11 Oktoba. Na hata hapo palikuwa na mkia, maana kwa wiki kadhaa mtu aliyechanjwa Nairobi kwa AstraZeneca, ikiwemo ile iliyotolewa msaada na Uingereza yenyewe, alihesabiwa kule kama hajachanjwa na akalazimika kukaa karantini ya nyumbani siku 10, wakati aliyechanjwa London kwa dawa ile ile anapita. Kosa halikuwa kwenye sindano, serikali hizo mbili zilikuwa hazijakubaliana kuhusu cheti.

Dada alitua asubuhi ya tarehe 8, chini ya siku moja kabla ya mlango kufungwa. Hoteli aliikwepa, lakini hata wasiotoka nchi nyekundu walikuwa na siku 10 za kukaa ndani kwao, kwa hivyo tarehe 16 alikuwa bado amefungiwa chumbani Reading. Tulisoma khitma alasiri, Ramadhani ishaingia, simu tumeiegemeza kwenye birika ili aone watu wote. Mtandao ulikuwa unakatika. Kila ukirudi tunamkuta ameinamisha kichwa, ameshafika aya ya mbele yetu, na lile faili la kijani liko mezani nyuma yake.